Mpira ulionunua juzi si lazima uwe mpya

Wiki hizi za kabla ya masika ndizo sisi wakaguzi wa magari hapa Zanzibar tunazopokea malalamiko mengi kuliko wakati mwengine wowote wa mwaka, na mengi yanafanana. Mwananchi ameleta gari yake ndogo kukaguliwa, imerudishwa kwa sababu ya mipira, naye anasema mipira hiyo kainunua mwezi uliopita na risiti anayo mfukoni. Baadhi hufika mbali zaidi wakasema mkaguzi anatafuta kosa. Maelezo haya yanawahusu hao, pamoja na wengine wote wanaotaka kubadilisha mipira kabla mvua hazijaanza. Anayezoea kusema tairi aelewe kwamba tunazungumzia kitu kile kile.

Mfano wa karibuni. Mzee mmoja kutoka shamba alileta IST yake ikiwa na mipira minne myeusi kama wino, imepakwa dawa ya kung'arisha, na vile vinywele vya raba bado vimesimama. Akapitisha kidole juu ya vinywele. "Haya mwanangu, na hii utaniambia kuukuu?" Nikachuchumaa na tochi. Upande wa nje kulikuwa na herufi DOT na namba pungufu, tarehe haipo. Nikajipenyeza chini kutazama upande wa ndani: 3712. Maana yake mpira umetengenezwa wiki ya 37 ya mwaka 2012. Nilipofuta ile dawa kwa kitambaa, ukutani mwa mpira pakaonekana nyufa nyembamba, kama udongo wa kinamasi uliokauka kiangazi. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule kijana wa dukani alikuwa anajua?" Swali hilo sina jibu lake, na si kazi ya mkaguzi kulijibu.

Vinywele ni alama ya matundu ya kutolea hewa kwenye kalibu ya kiwandani. Vinaonesha kwamba mpira haujatembea barabarani, basi. Havioneshi umekaa stoo miaka mingapi, na raba huzeeka hata ikiwa imelala kivulini. Tarehe ya kweli ni zile tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa mpira, kwa hiyo dukani ugeuze mpira, usitosheke na upande ulioegemezwa ukutani. Viwanda kadhaa vikubwa vinashauri mpira uangaliwe na fundi kila mwaka ukishatimiza miaka 5, na uondolewe kabisa ukifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake, yaani vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara, bado ni ndefu. Mwaka wa kununua hauingii katika hesabu hiyo. Ndiyo maana risiti, kwa heshima zote, haitusaidii.

Sasa kashata zenyewe. Ndani ya mifereji ya mpira mna vinundu vidogo vya raba, na pembeni pameandikwa TWI au pana alama ya pembetatu inayokuonesha vilipo. Kashata zikilingana na kinundu, zimebaki milimita 1.6 na mpira umekwisha. Kwa mvua zetu sisi hushauri usingoje hapo. Ukifika milimita 3 anza kutafuta mwengine. Kazi ya mfereji ni kuyapa maji njia ya kutokea. Mfereji ukiwa mfupi, maji yanabaki kati ya mpira na lami, gari inaelea, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Aliyewahi kupita kwenye dimbwi la Mwanakwerekwe na mipira vipara anajua ninachosema. Kuna wanaopeleka mpira kipara ukachongwe mifereji kwa kisu cha moto. Mpira wa gari ndogo hauna raba ya akiba ya kuchongwa. Kisu kinakula kile kitanda kinachofunika nyuzi. Tukiona mpira umechongwa hatupimi tena kina, tunauandika moja kwa moja kuwa ni mbovu.

Jambo jengine linatuchosha, na nitalisema wazi. Gari nyingi zinazoshuka bandarini Malindi hutoka Japani, na baadhi hufika na mipira ya theluji. Mwenyewe huiona ina kashata nene zenye mikato mingi midogo midogo kama kitana, akafurahi kwamba kapata mipira mizima bure. Wengine hata huitafuta kwenye mipira ya mtumba kwa sababu "ni laini, haina kelele". Ni laini kweli, kwa sababu raba yake imechanganywa ili isigande kwenye baridi. Juu ya lami ya Unguja saa saba mchana inakuwa kama ufutio: inalika haraka, inayumba kwenye kona, na breki kwenye barabara iliyorowa inachelewa kushika. Utaijua kwa neno STUDLESS ubavuni, au mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Mara nyingi pia herufi ya mwendo ni Q, yaani kikomo ni kilomita 160 kwa saa, wakati ya kawaida kwa gari hizi ni S (180), T (190) au H (210). Kuna aliyeniambia kwamba mpira unaoweza barafu hauwezi kushindwa na mvua. Theluji haijapata kuanguka Makunduchi, na mpira huo haukutengenezwa kwa ajili ya Makunduchi.

Kuhusu saizi, kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinatosha. Kama kinasema 175/65R14, basi upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni radial (jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa), na ringi ni inchi 14. Watu wanapenda kupandisha mpira ili gari isisugue chini kwenye njia za mawe, wakafunga 185/70R14 kwa kuwa ringi ni ile ile. Kimo cha mpira wote wa kwanza, kutoka chini hadi juu, ni kama milimita 583, cha wa pili kama 615. Tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 5. Mpira unaweza kukwaruza ndani ukikata kona umebeba watu, na saa ya mwendo inadanganya: inaposema 50, wewe unakaribia 53. Ukibishana na askari kwamba saa yako ilisema vyengine, hilo ni lako na yeye.

Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 82S. Hiyo 82 ni uzito: kilo 475 kwa mpira mmoja. Namba 75 ni kilo 387. Kwa anayekwenda kazini na kurudi peke yake, tofauti haionekani. Kwa ndugu zetu wa Pemba wanaoteremsha karafuu kutoka Konde hadi kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kwa Vitz, watu wanne ndani na magunia nyuma mpaka kioo hakionekani, tofauti hiyo ndiyo inayopasua mpira. Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari, hata kama muuzaji anakwambia ule mwengine umekwisha.

Pesa ikitosha mipira miwili tu mipya, ifungwe nyuma. Hapa tunabishana na mafundi wengi, kwa kuwa gari hizi huvutwa na miguu ya mbele, na fundi anaona haki mipya ikae panapofanya kazi. Lakini mbele ikiteleza dereva anasikia kwenye usukani na anapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari inageuka kabla hajaelewa. Pita ile miteremko na kona za Pemba siku ya mvua utaona kwa nini tunashikilia jambo hili. Na mipira ya ekseli moja iwe jozi: saizi moja, aina moja ya michongo.

Upepo, kwa ufupi. Kibandiko hicho hicho cha mlangoni kinatoa kiwango, mara nyingi kwa kPa; 220 ni sawa na PSI 32 hivi. Pima asubuhi kabla mpira haujapata moto. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye mpira wenyewe, tuseme 44, ni kikomo cha juu kabisa. Si agizo. Na anayeuziwa naitrojeni kwa bei ya ajabu akumbuke kwamba hewa ya bure ya pampu ni naitrojeni asilimia 78 tayari.

Wakati wa kufunga, mwambie fundi abadilishe na valvu, na asugue kutu kwenye ringi pale mpira unapokaa. Hewa yetu ya chumvi inakula ringi za chuma kimyakimya, kisha watu wanalaumu mpira kwamba unavuja. Dawa ya kutia tyubu ndani ya mpira usiohitaji tyubu hatuikubali: tyubu inasugana na ubavu, inapata moto, na ikipasuka upepo wote unatoka kwa mara moja. Pancha ya ubavuni pia haizibwi, wala usimbembeleze fundi.

Utaratibu wetu ni huu, na naomba usomwe kwa makini maana ndio chanzo cha ugomvi. Mkaguzi anaanza mbele kushoto, anazunguka gari, anamalizia na spea. Kila mpira huandikwa nafasi yake, saizi, tarehe ya kutengenezwa, kina cha kashata kwa milimita sehemu tatu (ndani, katikati, nje), na kasoro kama ipo: nundu, nyufa, nyuzi kuonekana, kuchongwa. Ikiwa ndani kumelika kuliko nje, tutakuandikia pia ukapime alaimenti, yaani kama miguu ya gari imekaa sawa, kwa sababu mipira mipya italika vile vile. Mwenye gari anasaini fomu. Kusaini si kukiri kosa; ni kuthibitisha kwamba umeambiwa. Asiyetaka kusaini, mkaguzi huandika kwamba amekataa, na fomu inabaki na nguvu ile ile. Fomu si ruhusa ya kuendelea kuendesha. Kuendesha chombo kibovu barabarani ni kosa la kisheria, na ukitokea ajali fomu hiyo ni ushahidi kwamba ulikuwa unajua. Yanayofuata huko ni ya polisi na mahkama, na bima yako nayo ina masharti yake, kayasome.

Gari inaporudi tunaanza na kasoro zilizoandikwa, lakini tukiona mpya hatuwezi kufumba macho. Njoo na fomu ile ile ya mwanzo. Wanaoazima mipira kwa jirani kwa ajili ya ukaguzi wajue kwamba tarehe na saizi tunaziandika. Mipira ile ile imewahi kunipitia mara mbili kwa siku moja, asubuhi chini ya Vitz nyeupe, alasiri chini ya Vitz ya buluu. Wenyewe walikuwa wanacheka. Mimi nilijaza fomu.

Taasisi haimuelekezi mtu duka wala chapa, na wanaotuuliza "basi tununue wapi" tutaendelea kuwajibu hivyo hivyo. Nenda na tochi.

Yule mzee alirudi baada ya siku kumi. Mipira minne, tarehe za mwaka uliopita, uzito sawa, upepo sawa. Aliniambia kamlazimisha yule kijana wa dukani kuinama mwenyewe na kumsomea namba kwa sauti, mpira mmoja mmoja, mbele ya wateja. Spea hakununua mpya, aliweka ile ya 2012, iliyo bora kati ya zile nne za mwanzo, kaona hasara kuitupa. Tuliiandika.