Panki ilipoanza, jukwaa lilikuwa karibu na mlango

Mtajie kinyozi panki, naye anajua mashine ipite wapi. Kwa wengi wetu neno hilo ni nywele, basi. Mimi ni mwalimu wa gitaa, na kwa miaka mingi nimefuatilia muziki uliobeba jina hilo, hasa miezi yake ya mwanzo huko Uingereza, 1976 na 1977, wakati hata mtindo ule wa nywele haujaenea. Kinachonivuta ni jinsi shabiki alivyopanda jukwaani kabla hajaiva, na wenzake wakampokea.

Chukua Manchester, 4 Juni 1976. Howard Devoto na Pete Shelley, wanafunzi wa chuo mjini Bolton, walikuwa wamesafiri kusini mwezi Februari kuwaona Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakarudi wameshikwa. Wakakodi ukumbi wa Lesser Free Trade Hall, wakawaalika Pistols, tiketi pensi 50. Nia yao ilikuwa bendi yao, Buzzcocks, ifungue onyesho. Siku ikafika bendi haijatimia. Shelley akaishia mlangoni kukata tiketi za onyesho aliloliandaa ili apige yeye.

Huko nje meneja wa Pistols, Malcolm McLaren, alikuwa akishawishi wapita njia waingie. Akamkuta kijana aitwaye Steve Diggle anamsubiri mtu mwingine kabisa, ambaye walipanga waunde bendi. McLaren akadhani ndiye mpiga besi anayengojwa na Shelley, akampeleka ndani, akawakutanisha. Pistols waliporudi ukumbini hapo tarehe 20 Julai, Buzzcocks walipiga nao, na mwenye besi alikuwa Diggle. Hazikupita hata wiki saba!

Usiku ule wa Juni watazamaji walikuwa makumi machache tu. Miongoni mwao walikuwepo Peter Hook na rafiki yake Bernard Sumner. Kesho yake Hook akaenda kununua besi, chombo asichojua kukipiga. Hao ndio baadaye wakawa nusu ya bendi ya Joy Division.

Iliwezekanaje? Jibu nalionyesha kwa mkono darasani. Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, vidole vingine vitatu vikamilishe kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Sasa usibadilishe umbo hilo. Lisogeze tu, juu na chini ya shingo ya gitaa. Nyimbo nyingi za panki ya mwanzo zinapigika hivyo. Bendi kubwa za roki za wakati huo zilikuwa na solo ndefu na vyombo vya bei mbaya, na shabiki alizitazama kutoka mbali. Hapa alisimama karibu, akaviona vidole, akajua naye anaweza. Ukaribu huo ulifundisha kuliko kitabu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko London, klabu ya 100 Club, chini ya ardhi katika mtaa wa Oxford, 20 Septemba 1976. Tamasha la siku mbili lilikuwa na nafasi ya bendi moja zaidi. Siouxsie Sioux na Steven Severin, waliojulikana kama mashabiki wanaowafuata Pistols kila mahali, wakajitolea kuijaza. Bendi hawakuwa nayo. Wakamchukua Marco Pirroni apige gitaa, na Sid Vicious, shabiki mwingine, akakaa kwenye drams. Wimbo hawakuwa nao pia, wakaanza na Sala ya Bwana, wakachomeka vipande vya nyimbo za watu, wakaenda hivyo kwa takriban dakika 20.

Hata vyombo vilikuwa vya kuazima. Meneja wa The Clash, bendi nyingine ya panki, alikataa kuwaazima vya bendi yake kwa sababu Siouxsie alivaa alama ya Wanazi, wakatumia vya Pistols. Kwa hilo simtetei Siouxsie. Alama ile ina damu ya watu, na meneja yule alikuwa na haki. Lakini dakika zile 20 zilizaa kitu. Siouxsie na Severin waliendelea na Siouxsie and the Banshees hadi 1996.

Yupo pia mwimbaji Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali. Aliwaona Pistols kwenye gati la Hastings tarehe 3 Julai 1976, siku alipotimiza miaka 19, kisha akatangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wa kuunda bendi. Ikapatikana X-Ray Spex. Sauti yake ile kali ingechujwa mapema na mwalimu wa kwaya, nami nashukuru hakupita huko.

Buzzcocks nao hawakungoja kampuni. Walikopa kama paundi 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne tarehe 28 Desemba 1976, na mwezi uliofuata wakatoa santuri kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulipatikana kwa jaribio la ngapi: tatu kwa jaribio la kwanza, mmoja kwa la tatu. Hakuna kilichofichwa; msomaji wa jalada angeweza kukadiria kazi nzima akaenda kufanya yake.

Katika mojawapo ya nyimbo hizo, “Boredom”, Shelley anapiga solo la noti mbili tu, zikirudiwarudiwa. Mwanafunzi mpya akija kwangu, somo la kwanza ni hizo noti mbili. Kabla saa haijaisha anakuwa anazipiga, nami namfuata kwa kodi.