Nguo za kuigizia: ni zipi, na kwa nini zishonwe kirahisi

Nguo ya kuigizia ni vazi ambalo mtoto hulivaa juu ya nguo zake za kawaida ili awe mtu mwingine kwa muda: daktari, trafiki, bibi harusi, simba, mbunge. Ni tofauti na vazi la jukwaani. La jukwaani lazima limshawishi mtazamaji aliyekaa mbali, lakini hili halina mtazamaji. Anayetakiwa kuamini ni mtoto mwenyewe, naye huamini upesi mno.

Watoto wengi huanza kujifanya wakiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Utamwona ananyanyua kikombe kitupu na kunywa. Akifika miaka mitatu au minne, mchezo wa baba na mama unakuwa na wahusika, amri na ugomvi. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara wa 1933, alitumia mfano wa fimbo inayogeuka farasi: kupitia fimbo hiyo mtoto anajifunza kuitenga maana ya farasi na farasi mwenyewe. Fimbo haihitaji masikio wala mkia, ilimradi ipandike. Kwa mshonaji hiyo ni nafuu kubwa.

Hapa Dodoma mfano hauko mbali. Mtoto aliyeona Bunge kwenye televisheni anakumbuka joho la Spika na yule anayetangulia amebeba Siwa, rungu la mamlaka ya Bunge. Mpe kitambaa cheusi cha kutupia mabegani na mwiko wa ugali, kikao kimeanza. Kesho kitambaa kilekile ni mabawa ya popo. Ukishona joho kamili lenye kola, mikono na mapambo, umempa Spika tu, na akichoka kuwa Spika vazi linaishia kabatini. Mimi mavazi ya namna hiyo nayahesabu kuwa ya kupigia picha.

Kipimo kingine ni kama mtoto anaweza kuvaa na kuvua bila kumwita mtu. Zipu ya mgongoni inaua mchezo, maana kila akibadilisha uhusika anakuja kukusumbua jikoni. Ndiyo maana lastiki inapendwa. Tuseme unashona sketi ya mtoto mwenye kiuno cha sentimita 52. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya hapo, 104, pamoja na sentimita 3 za mshono. Kitenge huwa na upana wa karibu sentimita 115, kwa hiyo kipande kimoja kinatosha bila kuunga. Unganisha pande mbili, kunja ukingo wa juu kidogo kisha upinde tena sentimita 2, ushone pindo hilo na uache uwazi wa vidole viwili. Chomeka pini kwenye ncha ya lastiki ya sentimita 1, uisukume ndani ya pindo mpaka itokee. Sentimita 50 za lastiki zinatosha. Usikaze zaidi, kwani sketi itavaliwa juu ya gauni au kaptula. Kabla ya kushona ncha zake, pitisha vidole kuzunguka pindo lote kuhakikisha haijajisokota. Ikijisokota utafumua.

Kitambaa usikihangaikie. Vipande vinavyobaki kwa fundi cherehani na kanga iliyolainika kwa kufuliwa vinafaa kuliko satini mpya, na kwa vumbi letu la kiangazi rangi za kahawia na nyekundu iliyokolea zitakuokoa. Joho liishie magotini. Likifika chini, upepo wa Julai utalipeleka miguuni mwa anayekimbia.

Usalama ndio usiofanyiwa mzaha. Kamba ya kufunga shingoni ni hatari, kwa sababu joho likinasa kwenye geti au ua wa miiba, kamba inakaba. Viwango vya Ulaya vinakataza kamba za shingoni kwenye nguo za watoto walio chini ya miaka 7. Shona Velcro, ile ya kunasana kama kwenye viatu vya watoto, kipande kidogo tu ili iachie ikivutwa. Kwa walio chini ya miaka mitatu usiweke vifungo, shanga wala mapambo ya kung'oka. Marekani hupima vitu vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto kooni kwa silinda ya kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia humo ni hatari, na kifungo cha shati kinatumbukia bila shida. Naironi na satini ya poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, kwa hiyo mchezo uwe mbali na jiko la mkaa.

Kama ni zawadi, joho, sketi na taji la kitambaa ndani ya mfuko mmoja vinatosha kabisa. Nyumba yenye watoto wawili, shona majoho mawili ya rangi moja, la sivyo utaitwa kuamua kesi.