Je, wajua? Nazi haina lehemu, ila yaweza kuipandisha kwenye damu

Gramu 100 za ngisi wa Mtwara zina takribani miligramu 230 za lehemu, au kolesteroli. Tui zito la nazi halina. Lehemu ni kitu cha wanyama. Mnazi na mkorosho hauna, au unayo kidogo mno isiyohesabika. Mbona basi mtu akipimwa na kukutwa lehemu imepanda, anaambiwa apunguze nazi?

Kwa sababu sehemu kubwa ya lehemu iliyo kwenye damu hatukuila. Mwili wenyewe huitengeneza, hasa ini, kwa ajili ya kuta za seli, homoni na nyongo. Ini hilohilo huiondoa pia. Kwenye seli zake kuna vipokezi, tuseme milango, vinavyonasa LDL, chembe zibebazo lehemu ambazo zikizidi huiacha kwenye kuta za mishipa ya moyo. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein ndio waliogundua milango hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Mafuta yaliyoshiba, aina inayoganda kirahisi, huipunguza milango, LDL ikabaki inazunguka. Na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo. Ndiyo maana huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi: tazama chupa yake asubuhi ya baridi kule Newala, mwezi wa saba.

Korosho nayo ina mafuta, tena mengi, gramu 44 kwa kila 100. Ila yaliyoshiba ni kama gramu 8 tu. Mengine mengi ni laini, hayapandishi LDL. Kiganja kimoja kwa siku hakina neno, chumvi ikiwa kidogo. Ngisi pia anaonewa: kwa watu wengi, wakila lehemu, ini hupunguza kutengeneza yake. Tatizo huanza akizamishwa kwenye karai la mafuta.

Sisemi mbuzi ya kukunia itupwe. Mafuta mengi hutoka na tui la kwanza, basi pikia la pili, hata kama mpishi wa pwani atanuna. Mbaazi za Lindi na Mtwara zinafaa sana hapo: nyuzinyuzi zake hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, ini likalazimika kuchota lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine.

Lehemu iliyopanda kwa kawaida haina dalili, hujulikana kwa kipimo cha damu. Kwa wengi LDL inayopendeza ni chini ya 2.6 mmol/L, aliyewahi kupata shambulio la moyo huwekewa lengo la chini zaidi. Wapo pia waliozaliwa na milango michache. Hao hata wale mchicha mtupu, LDL hubaki juu, na huhitaji vidonge kama statini. Kama mzazi au ndugu yako wa damu alishikwa na moyo kabla ya miaka 55, nenda kapime hata kama wewe ni mwembamba.