Daktari wa akili anafuata nini wodi ya saratani?

Nikijitambulisha kitandani kwamba mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, mara nyingi uso wa mgonjwa hubadilika. "Kwani wameniona kichaa?" Wengine hawaulizi, hugeukia ukutani. Ndugu aliyeketi pembeni ndiye huchukia zaidi: mgonjwa wake ana uvimbe tumboni, huyu wa vichaa kaja kufanya nini?

Siwalaumu. Ila kazi yangu wodini huanza na swali la kawaida kabisa, nalo nawauliza ndugu kuliko mgonjwa: hali hii ilianza lini?

Nikijibiwa "jana jioni", au "tangu juzi, mara yuko sawa, mara hayuko", siifikirii huzuni kwanza. Nafikiria mkanganyiko wa ghafla, ambao sisi huuita deliriamu. Hapo ubongo umeelemewa na jambo linalotendeka mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, kalisiamu iliyopanda kwenye damu, figo au ini kushindwa kazi, mkojo kuziba, na kwa mzee hata kukosa choo siku kadhaa. Dawa nazo zimo, kama mofini, steroidi na zile za usingizi. Mgonjwa anayeng'oa dripu na kugombana na watu wasioonekana na wengine hahitaji kutafutwa, wodi nzima inamsikia. Ninayemhofia ni yule anayelala tu, kimya, ukimwita anachelewa kukutazama. Muuguzi ataandika kwamba ametulia, ndugu watasema amekata tamaa, nami nitaitwa nimwandikie dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kumbe anahitaji kupimwa damu na kutibiwa nimonia. Humwomba anitajie miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mwenye sonona atajikokota na kulalamika, lakini kwa kawaida hufika. Mwenye deliriamu hupotea njiani.

Dawa yake ni kutibu chanzo. Wakati hilo likiendelea, ndugu ana kazi kubwa kuliko anavyodhani: amvalishe miwani yake na kifaa chake cha kusikia, pazia lifunguliwe mchana, usiku pawe na giza na utulivu, na mtu anayemfahamu awe karibu. Akisema kuna mbwa chini ya kitanda, usibishane naye wala usimkubalie. Mwambie uko naye, hatadhurika.

Kuna jibu jingine ambalo hunifurahisha, kwa sababu mara nyingi suluhisho lake ni jepesi: "tangu aanze ile dawa ya kuzuia kutapika". Metoklopramidi huweza kumfanya mtu ashindwe kutulia, miguu ikitaka kutembea muda wote, na akaonekana ana wasiwasi wa moyoni. Deksamethasoni, steroidi ambayo wengi hupewa pamoja na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hukesha na mtu, ikamfanya aongee kupita kiasi au awe mkali. Dozi yake kuhamishiwa asubuhi huweza kurudisha usingizi. Lakini msizikatishe wenyewe, hasa steroidi.

Jibu likiwa "wiki kadhaa sasa", ndipo sonona inapoingia. Ni ngumu kuitambua, maana uchovu, kukonda, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi saratani yenyewe huvileta. Kwa hiyo natafuta visivyoletwa na uvimbe: mtu anajiona mzigo, anaamini anaadhibiwa, mjukuu anayempenda akija hafurahi. Husemwa kwamba hakuna mwenye saratani asiye na sonona. Si kweli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta sonona kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 6. Huyo mmoja anatibika, na kumwambia "ni kawaida, jikaze" ni kumnyima tiba.

Kabla ya dawa ya sonona, nahakikisha maumivu yamedhibitiwa. Sijui mtu gani angekuwa mchangamfu huku mfupa ukimuuma usiku kucha. Kisha dawa huchaguliwa kwa kuangalia saratani yenyewe. Anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti hatupendi apewe paroksetini au fluoksetini, kwa kuwa huzuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe katika hali inayofanya kazi vizuri. Asiyelala wala kula huweza kunufaika na mirtazapini. Nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, hivyo mazungumzo huanza siku hiyohiyo.

Nitamuuliza pia kama amewaza kujiua, na nitatumia neno hilohilo. Ndugu hushtuka. Swali halimpandikizii mtu wazo hilo, ila wengi hupumua wakipata pa kulitua. Akikwambia wewe kwanza, usimwache peke yake, mwite muuguzi papo hapo.

Niandalieni dawa zote anazotumia, na za mitishamba pia, na mniambie ukweli kuhusu pombe. Siulizi ili nimhukumu. Aliyezoea kunywa kila siku akilazwa na kukatishwa ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege, na sote tutakuwa tunaitazama saratani.