Unapanda mlima kwenda kinamasini: yanayosemwa kuhusu Soomaa na yaliyo kweli

Kiestonia hakizungushi maneno. "Soo" ni kinamasi, "maa" ni nchi. Hifadhi ya Taifa ya Soomaa iko kusini-magharibi mwa Estonia, kati ya miji ya Pärnu na Viljandi. Ilianzishwa mwaka 1993 na ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 390 za misitu, mito na vinamasi vya mboji. Mtu akisikia hivyo tu, picha inamjia yenyewe: matope, mbu, mahali pa kupita mbio. Mbu wapo, siwatetei. Mengine mengi ni uvumi.

"Ukikanyaga, unamezwa"

Hii tumeitoa kwenye sinema. Kinamasi cha Soomaa si uji wa udongo. Ni kigoga, mmea laini unaoshika maji kama sponji, ulioota juu ya mabaki ya vigoga vilivyotangulia kwa maelfu ya miaka. Huko chini maji ni ya asidi na hewa haifiki, kwa hiyo mabaki hayaozi yakaisha. Yanalundikana yakawa mboji, na kinamasi chenyewe kinapanda kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Ndiyo maana Kuresoo, kinamasi kikubwa kuliko vyote humo, hakikulala bondeni kama mgeni anavyotarajia. Upande wa mto Lemmjõgi, ukingo wake unainuka kama mita 8 ndani ya mwendo wa mita 100. Unapanda mlima kwenda kinamasini.

Ukishafika juu, ardhi inanesa kama godoro. Watu hutembea wamefunga miguuni viatu maalumu, vipana kama ungo mdogo, vinavyotawanya uzito. Mguu ukipenya, kwa kawaida unaishia gotini, na ukijitupa kwa kukaa unatoka. Hatari ya kweli ni vile vidimbwi virefu vilivyo wazi, baridi ya maji yake, na kupotea, maana pande zote nne zinafanana: miti mifupi ya msonobari, kigoga, maji. Asiyepajua aende na mwenyeji au afuate njia ya mbao, kama ile ya Riisa yenye karibu kilomita 5.

Na yale maji? Ni ya kahawia iliyokoza, wengi huyaona machafu. Rangi hiyo inatokana na mimea na mboji, kama majani ya chai yanavyotia rangi kikombe. Watu huogelea humo wakati wa kiangazi. Kuyanywa bila kuyachemsha ni habari nyingine.

"Mafuriko ni janga"

Angalia mito inavyopokezana. Lemmjõgi humwagika kwenye Raudna, Raudna kwenye Halliste, Halliste kwenye Navesti, na Navesti ndio unaoingia mto Pärnu. Maji yanateremka kutoka mwinuko wa Sakala upande wa mashariki, yanafika bonde tambarare, na mlango wa kutokea ni mmoja. Theluji ikiyeyuka kwa pamoja, yanaingia mengi kuliko yanayotoka. Yanapanda, yanafunika barabara, mbuga za nyasi na sakafu ya msitu. Katika miaka mikubwa eneo lililofunikwa hufikia kilomita za mraba 175. Mafuriko ya mwaka 1931 hutajwa hadi leo.

Wenyeji hawakuyaita mafuriko msiba. Wanayaita msimu wa tano, baada ya ile minne inayojulikana. Nyumba zilijengwa sehemu zilizoinuka, na mtumbwi ulifungwa karibu na mlango. Maji yakija, njia ya kwenda kwa jirani inakuwa maji. Mgeni naye anapata kitu ambacho hifadhi chache humpa: kupiga kafi katikati ya vigogo vya miti, juu ya mahali ambapo mwezi Julai watu wanatembea kwa miguu.

Kuna wanaodhani msimu huu una tarehe, kama sikukuu. Hauna. Mara nyingi ni Machi au Aprili, lakini unaweza kuja katikati ya baridi, ukarudi tena mwaka huohuo, au usije kabisa. Anayekata tiketi miezi 6 kabla kwa ajili ya mafuriko peke yake anacheza bahati nasibu.

"Mitumbwi ni ya nchi za joto"

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mtumbwi wa Soomaa unaitwa haabjas, jina linalotokana na "haab", mti wa jamii ya poplari wenye shina refu lililonyooka. Mswahili hahitaji kuelezwa mtumbwi ni nini: gogo moja, shoka, tezo, jasho. Atakachoshangaa ni moto.

Fundi akishachonga nje na kukomba ndani hadi kuta ziwe nyembamba, anachokuwa nacho bado ni kitu chembamba chenye mdomo wa kubana, hakifai hata kukalia. Ndipo moto unapowashwa kando yake. Ubavu unalowanishwa maji, unapata joto, unalowanishwa tena, na mti unaanza kulegea. Vijiti vinawekwa kwa kukingama ndani, kuta zinatanuka kidogo, vijiti virefu zaidi vinachukua nafasi ya vifupi. Kadiri ubavu unavyofunguka, ndivyo omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zinavyojiinua zenyewe. Mwisho yanatiwa mataruma, mbavu za ndani za chombo, ili umbo lisirudi. Ukiharakisha, ubavu unapasuka na kazi yote inakuwa kuni.

Matokeo yake ni chombo kipana kuliko gogo lililokizaa. Anayedhani kwamba upana wa mtumbwi lazima uwe upana wa mti hajauona moto ukifanya kazi. Ni chepesi, hakina kina kirefu, kinapita kwenye maji ya magotini. Kwa vizazi kilibeba watu na mizigo. Katika karne ya 20 kilikaribia kupotea, mafundi wakabaki wachache, hadi miaka ya 1990 watu walipoanza tena kujifunza. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka.

Kwa hiyo wanaosema haabjas ni mapambo ya watalii wana nusu ya ukweli. Siku hizi hutumika zaidi kwa matembezi ya hifadhini, hilo halifichiki. Ila huwezi kupamba kwa kitu ambacho hakuna mtu anayejua kukitengeneza, na ujuzi wa moto haupatikani kwa kutazama picha. Mwanagenzi anasimama karibu na fundi mpaka mkono wake mwenyewe ujue mti umelegea kiasi gani.

"Ni pori lisiloguswa"

Kinamasi, ndiyo, karibu hivyo. Mbuga za nyasi kando ya mito, hapana. Zile ziliachwa wazi na watu waliofyeka kila kiangazi kwa ajili ya mifugo, juu ya udongo ambao mafuriko yaliurutubisha. Mfyekaji akiondoka, vichaka vinaingia, kisha msitu, na ndege wanaotaga kwenye nyasi wanahama. Leo ufyekaji huo unapewa ruzuku, maana bila binadamu sehemu hiyo ya "asili" inafutika.

Neno hifadhi pia huwatia watu hofu kwamba kila kitu ni marufuku. Estonia ina desturi ya zamani, inayotambuliwa na sheria, ya kutembea porini na kuchuma uyoga na matunda ya mwituni, isipokuwa pale penye makatazo maalumu. Moto ni mahali palipoandaliwa tu. Sehemu hizo pamoja na za kupiga hema zinatunzwa na RMK, shirika la misitu la serikali, na hazilipiwi.

Majira ya baridi hayafungi chochote. Kinamasi kikiganda ndipo kinapopitika kirahisi zaidi.

Limebaki swali ambalo kila mgeni huliuliza kwanza: mbwa mwitu na dubu. Wapo wote wawili, na wanamkwepa mtu kabla hajawaona. Mnyama wa kuogopa ni kupe. Huko Estonia anaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme na homa ya ubongo, na hiyo ya pili ina chanjo. Chomeka suruali ndani ya soksi, na jioni kabla ya kulala jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa nywele.