Umeme bila waya: ni nini hasa kinachovuka hewani?

Tazama transfoma iliyo kwenye nguzo ya mtaani kwenu. Upande mmoja zinaingia nyaya za msongo mkubwa, volti 11,000 au 33,000, na upande wa pili zinatoka nyaya za msongo mdogo kuelekea majumbani. Wengi hudhani waya unaoingia ndio huohuo unaotoka. Sivyo. Ndani mna koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, na koili hizo hazigusani. Umeme wote unaowasha taa, friji na pasi yako umepita pale katikati bila waya wowote kuziunganisha.

Basi dhana ya kusafirisha umeme bila waya ni kongwe kuliko watu wanavyodhani. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliionyesha jijini London mwaka 1831. Mkondo unaopita kwenye waya huzalisha uga wa sumaku kuuzunguka, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi. Mkondo huo ukiwa wa kugeukageuka, kama huu wa majumbani unaogeuza uelekeo mara 100 kila sekunde, uga nao hubadilika pamoja nao, na uga unaobadilika ukipenya koili nyingine huamsha mkondo ndani yake. Kinachovuka ni uga huo. Mkondo wenyewe haukuondoka kwenye waya wake. Ng'ambo umezaliwa mwingine.

Katika transfoma, chuma kinaubana uga usitawanyike, na ndiyo maana hupotea kidogo sana. Ukiondoa chuma na kuacha hewa tupu, shida inaanza. Chaja za simu za kuwekea juu, zile zinazofuata Qi, kiwango cha pamoja cha kuchaji bila waya, zina koili moja ndani ya kisahani na nyingine mgongoni mwa simu. Zikilala sawasawa, zikiachana kwa milimita chache tu, simu inajaa. Isogeze pembeni kidogo na chaji inazorota huku simu ikipata joto. Koili mbili zikishaachana kwa umbali unaozidi ukubwa wake, uga unaofika hupungua kwa kasi ya kutisha: umbali ukiongezeka maradufu, unabaki takriban sehemu moja ya nane.

Kifaa ninachokistahi zaidi katika jamii hii ni kadi ya benki ya kugusa. Haina betri. Unapoisogeza kwenye mashine ya malipo, koili nyembamba iliyofichwa ndani ya plastiki inapokea nishati kutoka kwenye mashine, chipu inaamka, inafanya hesabu zake za siri, inajibu, kisha inalala tena. Vifaa vya kusikia vinavyopandikizwa kwenye sikio la ndani navyo hupata nishati kwa njia hiyohiyo, kupitia ngozi, bila waya kutoboa mwili. Hapo umeme bila waya umefanya kazi ambayo waya usingeweza kuifanya vizuri.

Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakiongozwa na Marin Soljačić, waliwasha taa ya wati 60 iliyokuwa mita mbili kutoka kwenye chanzo. Walizipatanisha koili mbili ili mkondo ndani yake ugeukegeuke kwa mapigo yaleyale, na misukumo midogo ikajilimbikiza kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila inaporudi. Hata hivyo, ni takriban asilimia 40 tu ya nishati iliyofika kwenye koili ya taa, na koili zenyewe zilikuwa pana zaidi ya nusu mita.

Vipi kuhusu kilomita kadhaa? Hapa ndipo jina la mvumbuzi Nikola Tesla hutajwa, mara nyingi pamoja na madai kwamba alikuwa na umeme wa bure kwa dunia nzima, wakubwa wakaufukia. Tesla alifanya majaribio Colorado Springs, Marekani, mwaka 1899, na mwaka 1901 akaanza kujenga mnara wa Wardenclyffe huko Long Island, karibu na New York, kwa fedha za tajiri wa benki J. P. Morgan, dola 150,000. Desemba mwaka huohuo Guglielmo Marconi, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, akavusha ishara ya redio juu ya Atlantiki kwa mitambo ya bei nafuu zaidi. Morgan akakataa kuongeza fedha, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Namheshimu sana Tesla, lakini kilichomkwamisha hakikuwa pesa tu.

Piga hesabu. Kwa umbali huo nishati husafiri kama mawimbi ya redio. Mtambo wa kilowati 10 ukiyatawanya sawasawa pande zote, umbali wa kilomita 10 kila mita moja ya mraba inapata takriban sehemu nane tu za milioni za wati moja. Kuwasha taa ya wati tano ungehitaji kukusanya yote yanayopita kwenye eneo la zaidi ya viwanja 80 vya mpira. Redio inaridhika na chembe hiyo, kwa sababu habari hubebwa hata na wimbi dhaifu, kisha redio hulikuza kwa betri yake yenyewe. Taa haina pa kukopa. Inataka sehemu kubwa ya kile kilichotumwa.

Dawa ni kuyakusanya mawimbi yawe mwale mmoja. Mhandisi Mmarekani William C. Brown alirusha helikopta ndogo mwaka 1964 kwa nishati ya maikrowevu peke yake, mawimbi ya aina ileile yanayopasha chakula kwenye jiko la maikrowevu. Mwaka 1975, huko Goldstone katika jangwa la California, yeye na wenzake walituma nishati umbali wa takriban kilomita moja na nusu na kupokea zaidi ya kilowati 30. Antena zilizopokea ziligeuza kuwa umeme zaidi ya asilimia 80 ya mawimbi yaliyozigonga.

Tatizo ni kwamba mwale nao hupanuka kadiri unavyokwenda, na dawa yake ni antena kubwa zaidi. Mhandisi Peter Glaser alipendekeza mwaka 1968 setilaiti za kuvuna jua angani na kuteremsha nishati kwa maikrowevu. Wahandisi wa Marekani walipochora mpango huo katika miaka ya 1970, kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, antena ya angani ilifikia upana wa kilomita moja na ile ya ardhini takriban kilomita 10. Mwaka 2023 chuo cha Caltech kilijaribu angani antena nyepesi inayoelekeza mwale bila kugeuza kitu chochote. Iliwasha vitaa vilivyokuwa kwenye chombo chenyewe, na ishara yake ikanaswa huko Pasadena juu ya paa la chuo. Nishati iliyofika ardhini ilikuwa ndogo mno isingeweza kuwasha chochote. Walichopima ni kama mwale unaweza kulengwa, na ulilengwa.