Friza Haiui Minyoo ya Dubu

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana anataka kuanza kuwinda dubu mweusi hapa jimbo la Maine, Marekani, kaniandikia ujumbe mrefu kuhusu bunduki, darubini na mahali pa kukaa, halafu mstari wa mwisho: "Nyama nitaigandisha mwezi mmoja kwanza, si ndiyo minyoo wanakufa?"

Hapana. Hawafi.

Kazi yangu kuanzia mwisho wa Agosti ni kuchuna na kukata dubu wa wawindaji, na maneno hayo ninayasikia kwa Wamarekani waliokulia msituni huku, ninayasikia kwa ndugu zetu wa miji ya Portland na Lewiston waliotoka Kongo na Burundi. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja. Kwa hiyo leo naanza na nyama, bunduki itasubiri.

Kanuni ya friza haikuzuka hivi hivi. Ni kanuni ya nguruwe. Idara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali lake: vipande visivyozidi unene wa sentimita 15, vikikaa siku 20 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, trikinela, yaani mnyoo huyo wa kwenye nyama, amekufa. Kwenye nyuzi 23 chini ya sifuri, siku 10 zinatosha. Jedwali ni sahihi kabisa, kwa nguruwe. Lakini trikinela si mnyoo wa aina moja. Yule wa nguruwe ni Trichinella spiralis, na baridi inamuua kweli. Kwa dubu wa kaskazini kuna Trichinella nativa, na mwenzake ambaye wanasayansi wanamwita T6 tu. Hawa ni wenyeji wa barafu. Mnyama anakufa Desemba, mzoga unaganda hadi Machi, mbweha anautafuna, na mnyoo anaanza maisha upya tumboni mwa mbweha. Mnyoo aliyezoea majira ya baridi ya Kanada hatishwi na friza ya gereji.

Anayetaka ushahidi auchukue huu. Julai 2022 familia moja ilikutana jimbo la South Dakota. Mmoja wao alikuwa amempiga dubu mweusi kaskazini mwa Saskatchewan, Kanada, mwezi Mei, na waliomwongoza kuwinda walimshauri aigandishe nyama ili kuua vimelea. Akaigandisha siku 45. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya siku za jedwali la nguruwe. Wakachoma mishikaki, pamoja na mboga. Nyama ya dubu ina rangi nzito, kwa macho huwezi kujua imeiva au bado. Ilitoka motoni ikiwa mbichi ndani bila mtu kukusudia, watu wakaanza kula, wakashtuka, wakairudisha motoni. Sita waliugua, watatu wakalazwa. Wawili kati ya hao sita hawakuonja nyama hata kidogo. Walikula mboga zilizopikwa pamoja nayo. Na CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, walipoweka nyama iliyobaki chini ya hadubini, ikiwa imeshaganda zaidi ya wiki 15, minyoo wachanga walikuwa bado wanajinyonganyonga. Walikuwa nativa.

Kwa hiyo dawa ni moto, na moto wa kupimwa. Nunua kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama kabla hujanunua darubini. Kichomeke penye unene zaidi, kisiguse mfupa, na upime kila kipande, maana kwenye jiko moja la mkaa kipande cha pembeni na cha katikati hupishana sana. Miongozo haikubaliani kwa namba moja: mingine inasema nyuzi 71 za Selsiasi, ripoti ya CDC ya familia ile ilisema 74. Mimi nafuata 74, na nakubali wazi kwamba nyama ya mgongo ikifika hapo imeshakauka. Ndiyo sababu sipendekezi steki ya dubu. Chukua bega na shingo, weka sufuriani na vitunguu, tangawizi na nyanya, acha ichemke taratibu saa tatu mpaka nyuzi za nyama ziachane zenyewe. Hapo upishi wa kwetu uko mbele ya upishi wa huku: mchuzi, supu na rosti vinavuka 74 mapema sana. Hatari iko kwenye mishikaki na nyama choma ya haraka haraka. Iko pia kwenye nyama ya kukausha, na hapa ndugu wa Kongo mnisikilize vizuri: moshi, chumvi na jua haviaminiki kumuua mnyoo huyu. Maikrowevu pia haiaminiki, kwa sababu haipashi moto sawasawa. Ukitaka nyama ya moshi, ipike kwanza ifike 74, kisha uipe moshi kwa ajili ya ladha. Osha kisu, ubao na mikono kabla ya kugusa kachumbari. Mabaki mabichi usimpe mbwa.

Sasa niseme jambo ambalo vijitabu vya idara hulipita haraka. Dubu wengi hawana trikinela. Wazee kadhaa ninaowakatia nyama wamekula steki nyekundu ya dubu maisha yao yote na wako wazima, wala siwezi kuwaambia kwamba hawakula walichokula. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mimi, niliyeshika kisu, simwoni mnyoo. Nyama yenye minyoo na nyama safi zinakaa juu ya meza moja zikiwa na rangi ileile, harufu ileile. Mtu akiniambia ameikagua nyama yake akaona iko sawa, sina la kumjibu zaidi ya kumuuliza ameikagua kwa kifaa gani.

Kwa wasomaji wa nyumbani: Afrika Mashariki hatuna dubu, lakini trikinela tunaye. Anaitwa Trichinella nelsoni, anazunguka kwa simba na fisi, na watu wameugua kwa kula nguruwe mwitu. Moto ni uleule. Na msomaji Mwislamu anajua kwamba wanazuoni walio wengi wanamweka dubu pamoja na wanyama wenye meno ya kuraruria, hivyo mapishi yangu hayamhusu.

Haya, kuwinda kwenyewe. Karatasi nitazipitia mbio. Soma kozi ya usalama wa uwindaji, pata leseni ya wanyama wakubwa, ongeza kibali cha dubu. Msimu wa Maine unafunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti na kufungwa mwisho wa Novemba. Kuwinda kwa chambo kunaruhusiwa takriban wiki nne za mwanzo, na chambo chenyewe unaweza kuanza kukiweka mwezi mmoja kabla. Ukishampiga dubu una saa 18 za kumfikisha kwenye kituo cha usajili, na jino moja ni la watafiti. Soma kanuni za mwaka wako, kwa sababu tarehe zinasogea.

Bunduki: uliyonayo ya kuwindia paa inatosha. Iwe ya risasi ya .308, iwe .30-06, hata .30-30 kwa umbali wa chambo. Usinunue mzinga wa kuulia nyati ukaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatuo.

Chambo ni mada inayogombanisha watu. Wapiga kura wa Maine waliulizwa mwaka 2004 na tena 2014 kama wapige marufuku chambo, mbwa na mitego kwa dubu, na mara zote mbili wakakataa. Mimi nawinda kwa chambo na bado nina mashaka nacho. Kuna jioni ninayoona si haki kumsubiri mnyama kwenye pipa la maandazi. Kinachonibakiza upande huu ni muda. Msitu wa huku ni mnene, dubu ukikutana naye njiani unamwona kwa sekunde mbili tatu. Penye chambo unamtazama dakika kumi, na hizo dakika ndizo zinazokuwezesha kuona kama ni jike mwenye watoto.

Hapo ndipo ninapotaka mgeni atulie. Jike wa dubu mweusi anachelewa kuzaa, mara nyingi akiwa na umri wa miaka minne au zaidi. Anajifungua Januari akiwa pangoni, na watoto wanakaa naye kama mwaka na nusu, kwa hiyo anazaa kila baada ya miaka miwili. Ukimtoa jike mmoja mzima umetoa mengi. Watoto hawatembei wamemgandia mama. Mara nyingine wanabaki juu ya mti nyuma ya vichaka huku mama akija kunusa peke yake, na mgeni anahesabu dubu mmoja. Subiri. Akitazama nyuma mara kwa mara, au akitoa sauti ya chini ya kuita, weka bunduki chini.

Na dubu wa peke yake? Vitabu vitakupa orodha: dume ana kichwa kipana, shingo nene, masikio yanayoonekana madogo na yaliyoachana, dubu mdogo masikio yake ni makubwa na yamesimama. Pipa la chambo la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 88, kwa hiyo litumie kupima kimo cha mgongo wake. Yote yanasaidia. Lakini ukiacha yale madume makubwa kabisa, anayekwambia anatambua jinsia kwa uhakika zikiwa zimebaki dakika ishirini giza liingie anajidai. Lile jino unaloacha kituoni linajua zaidi yetu. Wataalamu wanalikata, wanahesabu pete za umri, na kwa jike pete zilizobanana huonyesha miaka aliyokuwa akilea. Maine wamekuwa wakiwafuatilia dubu wao tangu 1975, na ninaona fahari kwamba meno ninayong'oa yanaingia kwenye kazi hiyo.

Risasi: ngoja asimame ubavu, mguu wa mbele ulio upande wako uwe umesogea mbele, piga nyuma ya bega usawa wa mapafu. Usipige kichwa, usipige akikutazama. Mafuta yake huziba tundu na manyoya hunywa damu, kwa hiyo hata dubu aliyepigwa vizuri anaweza asiache damu ardhini kwa hatua nyingi.

Kisha fanya haraka, kwa sababu Agosti na Septemba jioni bado zina joto na dubu amevaa koti mbili, manyoya na mafuta. Nyama nyingi mbovu ninayoletewa iliharibika usiku wa kwanza, kabla ya friza kufikiriwa. Mtoe matumbo palepale, jaza kifua chupa za maji yaliyoganda, na mchune usiku huohuo. Ukipitisha kisu mgongoni kwa dubu aliyenona utakuta tabaka jeupe la vidole viwili au vitatu, laini, linateleza mkononi. Litenge lote na nyama, kwa sababu mafuta hayo huchacha hata yakiwa yameganda na ndiyo yanayoipa nyama ya dubu sifa mbaya. Yakatekate, yayeyushe kwa moto mdogo, yachuje kwa kitambaa. Ukiyatumia kwenye unga wa chapati utaelewa kwa nini wenyeji wa huku waliyathamini.

Ukiugua baada ya kula, huanza tumbo na kuhara siku za mwanzo. Kisha, wiki moja au zaidi baadaye, homa, misuli kuuma, macho kuvimba pembeni. Daktari akiangalia haraka atadhani ni mafua makali, kwa sababu huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa trikinela. Mwambie wewe: nimekula dubu, tarehe fulani, na hawa ndio tuliokula nao. Dawa ya minyoo, albendazole, hufanya kazi vizuri zaidi kabla minyoo wachanga hawajajichimbia kwenye misuli, kwa hiyo nenda siku ileile unayoanza kushuku.